Kimya cha Mapigo Manne

Aibu nyingine huisha. Ukiteleza sokoni unaamka, unapangusa sketi, unaenda zako, na wiki ijayo watu wamepata mwingine wa kumcheka. Hii yangu haijaisha. Mpaka leo nikipita karibu na stendi ya bodaboda hapa Free Area, wamama wawili watatu wa ukoo wetu wakiniona wanainua mkono juu kama askari wa trafiki, wanahesabu kwa sauti, "Moja! Mbili! Tatu! Nne!", halafu wanashikana mabega wakicheka mpaka wanakohoa. Mimi hucheka nao, nifanye nini? Lakini rohoni naumia, na si kwa sababu ya hao wanaocheka. Ni kwa sababu ya mmoja ambaye hajacheka hata siku moja.

Mimi ni fundi wa nguo. Fundi hushinda ameinama kwa cherehani, mikono ina kazi na masikio hayana, kwa hivyo mwaka jana nikaanza kusikiliza masomo ya muziki kwa simu, yale ya watu wanaoanza kabisa. Mwalimu alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyekula akashiba. Akanifundisha kwamba wimbo una mapigo, na mapigo yanahesabika. Una melodia, yaani ule mwendo wa sauti kupanda na kushuka. Una upatanifu, sauti tofauti zikienda pamoja bila kukanyagana. Na una muundo, ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, mwisho, kama vile gauni lilivyo na kifua na mikono na kola. Akasema pia kuna aina nyingi za muziki na kila aina ina adabu zake. (Hapo kwa adabu nafikiri nilikuwa nakata kitambaa, sikusikia vizuri.) Lakini somo lililonimaliza ni lile aliposema kwamba kimya nacho ni muziki, kwamba mwimbaji anayejua kazi yake ananyamaza kwa hesabu, watu wanashika pumzi, halafu anarudi na nguvu. Nilisimamisha cherehani. Nikajiambia, Phanice, huu ni ujuzi ambao Nakuru nzima haina.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa sivumiliki. Kanisani kwaya ikiimba mimi nafumba macho na kukunja uso pale sauti ya tatu inapoteleza, ili walio karibu waone kwamba nimeona. Watu wa boda wakiweka muziki wao nawaambia ni mapigo manne kwa manne, hata hawajauliza. Wakawa wananisalimia, "Niaje mwalimu, leo ni mapigo ngapi?" Mimi nikidhani ni heshima.

Basi kaka yangu mdogo, Amos, akapata mchumba anaitwa Wanjiru, wa kule Bahati. Sisi ni watu wa magharibi, babu alikuja Nakuru kwa kazi ya reli akasahau kurudi. Wao ni Wakikuyu wa shamba, watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Na kwao siku ya kupeleka mahari huingii hivi hivi. Wanawake wa upande wa bwana wanasimama nje ya lango wanaimba, wa ndani wanawajibu kwa wimbo, wanawauliza nyinyi ni kina nani, mmeleta nini, mnamtaka nani, nanyi mnajibu papo hapo, ndani ya wimbo huo huo, mpaka wa ndani waridhike wafungue. Siku hizi hapa Nakuru sote tunafanya hivyo, hata wale ambao si desturi yetu, kwa sababu ni tamu. Na kwa kuwa tulikuwa makabila mawili, tulikubaliana nyimbo ziwe za Kiswahili, ili kila mtu aelewe anavyosemwa.

Upande wetu mwenye kuanzisha nyimbo anajulikana. Ni Senge Kageha. Senge kwetu ni shangazi, dada ya baba. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa na Amos minne, na Senge ndiye aliyetuchukua. Alimbeba Amos mgongoni akiuza mboga, na kijana akilia anamwimbia, na kila mara anamalizia na ahadi moja: "Siku yako ya kuoa, ni mimi nitaimba lango ifunguke." Watoto wengine huahidiwa baiskeli. Amos aliahidiwa wimbo, akakua akiungoja.

Sasa uimbaji wa Senge uko hivi. Anaanzia popote koo lake lilipoamkia siku hiyo. Akiona mtu amevaa kofia nyekundu, kofia inaingia kwa wimbo. Ubeti wake unaweza kuwa mistari miwili, unaweza kuwa kumi na mmoja, na hauishi mpaka kazi iliyouleta iishe. Tulipoenda Bahati mara ya kwanza, ile siku ya kujuana tu, aliimba juu ya ng'ombe wao mwenye pembe moja mpaka wenyeji wakaweka vikombe chini. Mimi nilikuwa pale. Mimi nilikuwa nahesabu mistari, naona haitoshani.

Uamuzi wangu ulikuwa mdogo, wa karatasi tu. Nilienda saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, nikachapisha wimbo. Nikaupanga kama nilivyofundishwa: ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili, kiitikio, halafu (hapa nilijipigia makofi mwenyewe) kimya cha mapigo manne, halafu wote kwa sauti tatu, "Fungueni!" Jumapili baada ya kanisa nikawakusanya wamama sebuleni kwetu, nikawagawia karatasi, nikawapanga kwa urefu. Senge akafunga macho akaanza kuimba, kama kawaida yake. Nikapiga meza na rula.

"Senge, pole," nikasema, "lakini hapo umetoka kwa key."

Akafungua macho. "Nimetoka wapi?"

"Kwa key."

"Na nirudi na njia gani?"

Wamama wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, mwalimu hachekwi. Nikamwambia labda leo yeye ashike kayamba, na asilipige ovyo ovyo, alipige kwa moja peke yake.

"Kwa moja," akasema.

"Ndiyo. Moja, unapiga. Mbili, tatu, nne, unangoja."

Aliangalia kayamba, akaniangalia mimi, akasema, "Sawa, mwalimu." Senge hajawahi kuniita mwalimu maishani mwangu. Naona haya hata kuandika hili, lakini wacha niliandike: nilifurahi.

Jioni Amos akaniuliza, "Sista, si Senge ndiye anaimba lango?"

"Ataimba, ako kwa kiitikio," nikamjibu. "Wewe relax. Hii yako itakuwa kitu professional."

Jumamosi ikafika. Tulishuka mbele ya lango la mabati ya kijani, ndani tunaona vichwa vya hema nyeupe, harufu ya mchuzi inakuja mpaka barabarani. Wamama walikuwa wamependeza, vitambaa vya kichwa vyote nimeshona mimi. Wazee wetu wakasimama nyuma kando ya gari pamoja na Amos, suti ya bluu, mikono haijui ikae wapi. Mimi nikasimama mbele, na kwa kuwa kiongozi wa kwaya huwaangalia waimbaji wake, nikaugeukia ukoo wangu na kuligeuzia lango mgongo. Nimekuja kuombea kaka yangu msichana, nimewapa wenyewe mgongo. Nikasikia mtu ndani, nafikiri alichungulia kwenye tundu, akiuliza, "Huyo anatuonyesha mgongo ni nani?" Nikadhani wanamsema mtu mwingine.

Nikatoa simu, nikabonyeza ile programu yangu ya noti, ikalia tiii. Nikawapa wamama sauti ya kuanzia. Tukaanza ubeti wa kwanza, "Tumetoka mbali, tumevuka mito, tumepanda milima kuja kwenu," na Senge akitikisa kayamba lake kwa moja, cha, halafu anangoja, cha, halafu anangoja.

Wa ndani hawakungoja. Wakadaka wimbo ule ule wakatujibu: "Mito gani hiyo, mito gani hiyo? Free Area si ni hapo tu!"

Kicheko kikapasuka nyuma ya mabati. Hata wamama wetu wakacheka, na hapo ndipo palikuwa patamu, ndipo mtu mwenye akili angejibu, angesema mito ya machozi, mito ya soda, chochote. Lakini karatasi yangu baada ya ubeti wa kwanza ilisema kiitikio, na kiitikio kilisema, "Tunashukuru sana kwa mapokezi mema." Tukakiimba. Tukiwa nje. Lango limefungwa.

"Mapokezi gani na bado mko nje?" wakaimba wa ndani. "Mmemleta nani? Mtajeni jina!"

Swali rahisi. Jina ni Amos, silabi mbili. Mama Brayo, mke wa binamu yetu, akafungua mdomo amtaje, nikamtikisia kichwa na kumwonyesha karatasi kwa kidole. Ubeti wa pili ulikuwa wa kushukuru kwa chai. (Nilidhani kufikia ubeti wa pili tutakuwa tumeingia.) Tukawashukuru kwa chai. Ndani nikasikia bibi mmoja, sauti imekauka kwa uzee, akiuliza bila hata kuimba, "Hawa wamekuja kuomba msichana ama wamekuja mtihani?"

Nikajipa moyo. Nikasema wangojee tu kimya changu. Nikainua mkono juu, nikafunga ngumi, na wimbo ukakatika pale pale, safi kabisa, kama tulivyofanya sebuleni. Moja. Cha, likalia kayamba la Senge. Mbili.

Kwa mbili, ndani vikapasuka vigelegele.

Mimi sikujua, lakini kila mtu mwingine aliyesimama pale alijua: wageni wakinyamaza langoni ni kwamba maneno yamewaishia. Wameshindwa. "Wameisha! Wameisha!" wakaimba wa ndani wakipiga makofi, na sauti zikaanza kwenda mbali, zikirudi kwenye hema, zikituacha.

Na kwa tatu nikamwona Senge. Alikuwa ameinua kidevu. Amevuta pumzi, kifua kimejaa, vile ninavyomjua tangu nina miaka tisa, na mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Ningeacha tu. Ningekaa tu bila kufanya kitu. Lakini mimi nikaweka kidole mdomoni na kumwambia, mbele ya watu wote, "Shh! Bado!"

Akafunga mdomo.

"Nne," nikahesabu, nikashusha mkono. Wengine wakaingia kwa nne, wengine baada ya nne, wengine hawakuingia kabisa. Sauti tatu zikaenda njia tatu, na kwa vile noti yangu niliichagua nikiwa nimekaa kwa kochi nyumbani, "Fungueni" ilikuwa juu mno, sauti yangu ikafika nusu ya njia ikakatika kama uzi mbovu. Nyuma kule wazee walikuwa wanaangalia viatu vyao. Halafu mvua ikaja. Mvua ya Bahati haibishi hodi. Karatasi zikalowa, wino ukachirizika kwenye mikono ya wamama, mmoja akaniuliza kwa upole, "Phanice, hapa kumeandikwa nini? Imefutika." Nami, badala ya kuficha uso wangu, nikasema turudie kutoka juu. Tukarudia. Tumetoka mbali, tumevuka mito, na maji ya mvua yanapita katikati ya miguu yetu, na mtu fulani kule kwenye hema akapaza sauti, "Sasa hiyo mito tumeiona!"

Hapo ndipo nikashindwa. Nikamgeukia Senge. "Senge, tafadhali. Tushikie."

Aliniangalia, maji yanamtiririka kutoka kwa kitambaa cha kichwa. "Kwa moja?" akauliza. Hata leo sijui kama alikuwa ananikejeli au alikuwa anauliza kweli, na nimelala nikiwaza hilo mara nyingi.

Kabla sijamjibu lango likafunguliwa. Mama Wanjiru mwenyewe, mamake bibi harusi, alikuwa amesimama na mwavuli. "Ingieni tu, ingieni," akasema, "mtanyeshewa bure. Na chakula inapoa." Tulifunguliwa kwa huruma. Tuliingia bila wimbo, mmoja mmoja, kama watu waliokuja kusoma mita ya stima.

Tulipokaa kwenye hema na kupewa taulo, Mama Wanjiru akawa anazunguka anatusalimia, akisimama kwa kila kiti kama anatafuta mtu. Mwishowe akauliza, "Kwani yule mathe alituimbia ile siku ya kwanza, juu ya ng'ombe yetu ya pembe moja, hakukuja? Sisi tumepractice wiki mbili juu yake. Tulikuwa tumemwekea majibu."

Watu wote wakamwangalia Senge. Alikuwa amekaa pembeni, kayamba limelala kwenye mapaja. Akasema, "Nilikuja. Leo nilipewa kayamba."

Hakunitaja. Angenitaja ningepata la kujitetea.

Amos alisikia. Aliinuka, akachukua lile kayamba akaliweka chini ya meza, akafuta kiti kilichokuwa kikavu zaidi na mkono wa suti yake mpya, akamhamishia Senge hapo, karibu na yeye. Alipopita nilipokaa akainama, nikajikaza nikijua nitatukanwa. Akasema tu, "Sista, mimi nimengoja hiyo wimbo tangu niko mtoto." Halafu akaenda kukaa na wazee, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yanaanza. Yalienda vizuri, nashukuru Mungu, Wanjiru sasa ni wetu. Lakini lango la kwao Amos ameshapita, na hakuna mtu hupita lango la kuposea mara mbili kwa mke mmoja.

Wiki mbili nilijificha nyuma ya cherehani. Siku ya kwenda kuomba msamaha nikabeba sukari na majani chai, nikamkuta Senge jikoni kwake anachambua mrenda. Nikapiga magoti kwenye sakafu, nikamwambia Senge nimekosa, nilikuona umefungua mdomo nikakunyamazisha, wewe uliyenilea. Alinisikiliza mpaka nikamaliza kulia. Akanisukumia sinia tuchambue pamoja.

Baada ya muda nikamwomba kitu. Nikamwambia, yale maneno uliyokuwa umemtayarishia Amos, niimbie hata mara moja tu, nirekodi kwa simu, nimpelekee.

Akatikisa kichwa. "Nitayarishe aje na sijaona lango? Hiyo huwa inakuja ukishafika." Akatoa jani lenye wadudu akalitupa. "Ilikuwa inakuja. Ukaniambia bado."

Nilikuwa nimedhani angalau wimbo uko mahali, umekunjwa, unaweza kutolewa. Kumbe niliuzima kabla haujazaliwa, kwa kidole kimoja.

Tulichambua mpaka sinia likaisha. Nilipoinuka niende ndipo akaniita kutoka jikoni.

"Phanice. Huyo kijana wako wa Naivasha."

"Ndiyo, Senge."

"Siku watu wake watakuja, mimi sitakuwa nje. Nitakuwa ndani, nyuma ya lango, na kiti yangu nimekaa. Waambie wajipange. Wakinyamaza hata kidogo, mimi naenda kukula."

Basi ndiyo maana niko hapa natangaza mbele ya kila mtu kwamba sitamhesabia mtu mzima wimbo tena maishani mwangu, na mtu akiniambia kimya nacho ni muziki nitamwuliza kwanza, kimya cha nani? Masomo nimefuta kwa simu. Kijana wangu, huyo mchumba ambaye hufanya kazi kwa shamba la maua kule Naivasha, nilimpigia jioni ile ile nikamwonya kwamba watu wake waje na makoo, wasije na karatasi. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mambo yamepangwa, kuna binamu yake amesomea muziki kwa simu.

Nimemwambia kwa upole sana, huyo binamu mpeni kayamba.